Rotaveta nzito: Pima udongo na nguvu za trekta kabla ya kutoa pesa

MKULIMA aliyenunua trekta huwa amemaliza nusu tu ya safari. Nusu iliyosalia ni kuchagua zana za kufungwa nyuma yake, na hapo ndipo wengi hujikwaa, hasa wanapotafuta rotaveta, mashine yenye visu vinavyozunguka na kuusaga udongo hadi ukawa laini, tayari kupokea mbegu.

Kosa linalotendeka mara kwa mara ni kununua kwa macho. Mteja huingia dukani akaona rotaveta ya futi saba iliyopakwa rangi ya kung'aa, akaambiwa kuwa ni ya kazi nzito, naye akasadiki kwa sababu ni pana. Kumbe upana na uimara ni mambo mawili tofauti. Rotaveta pana iliyoundwa kwa chuma chepesi huvunjika mapema kuliko ile ya futi tano yenye giaboksi na mhimili madhubuti.

Hasara yake si bei ya mashine pekee. Mashine ikikatika mhimili wiki ya kwanza ya mvua, mkulima hupoteza siku za kupanda ambazo hazirudi, na iwapo aliinunua kwa mkopo, deni huendelea kudai ilhali trekta limeegeshwa uani. Ndiyo maana yafaa kuelewa jinsi mashine hii inavyofanya kazi kabla ya kukubali neno la muuzaji.

Ilikotoka na inavyofanya kazi

Zana hii ilianzia Australia. Mwaka wa 1912, kijana kwa jina Arthur Clifford Howard alianza majaribio katika shamba la babake huko Gilgandra, katika jimbo la New South Wales. Alitaka kulima bila kuukandamiza udongo kama ilivyokuwa ikitokea kwa plau. Majaribio yake ya mwanzo yaliurusha udongo kando, naye akaligundua suluhisho alipovipinda visu vikawa na umbo la herufi L. Umbo hilo lingali linatumika hadi leo.

Plau na haro huburutwa na trekta. Rotaveta, kwa upande wake, hupokea nguvu moja kwa moja kutoka kwa injini kupitia shafti ya PTO, ile inayochomoza nyuma ya trekta na ambayo kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika. Giaboksi iliyo katikati ya mashine hupunguza mwendo huo na kuugeuza upande, kisha gia au cheni iliyo ubavuni huupeleka chini kwenye mhimili wa visu, ambao huzunguka takriban mara 200 kwa dakika.

Visu huzunguka kwa kufuata upande ule ule wa magurudumu ya trekta. Kwa hivyo, vinapouchoma udongo huwa vinalisukuma trekta mbele badala ya kulirudisha nyuma. Hii ndiyo sababu rotaveta inafaa sana mahali penye matope ambapo magurudumu huteleza, kama vile mashamba ya mpunga ya Mwea katika Kaunti ya Kirinyaga na Ahero katika Kaunti ya Kisumu.

Hata hivyo, nguvu hiyo hiyo ya kusukuma huwa balaa katika ardhi kavu na ngumu. Visu vikishindwa kupenya, mashine hurukaruka juu ya udongo na kulisukuma trekta kwa ghafla, huku kila pigo likirudi kwenye gia na beringi. Zana dhaifu haiwezi kustahimili mapigo hayo kwa msimu mzima.

Anza na udongo

Swali la kwanza basi si la bei wala la upana, bali ni hili: shamba lako lina udongo wa aina gani?

Udongo mwekundu wa maeneo ya Kiambu na Murang'a hupasuka kwa urahisi ukiwa na unyevu wa kadiri. Rotaveta ya uzito wa wastani huweza kuufanyia kazi bila taabu, mradi shamba halina visiki. Udongo wa kichanga wa sehemu nyingi za Ukambani ni mwepesi zaidi kulimika, lakini chembe zake hukwangua chuma, hivyo visu huisha upesi na itabidi mkulima aweke akiba ya kuvibadilisha.

Udongo mweusi wa mfinyanzi ndio mtihani halisi. Udongo huu hunata kama gundi wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na ndio unaopatikana katika sehemu kubwa ya Mwea, Ahero na nyanda za Athi. Ukilimwa ukiwa mkavu, huvunja visu. Ukilimwa ukiwa na maji mengi nje ya shamba la mpunga, hujisokota kwenye mhimili hadi visu visionekane. Mkulima wa udongo huu ndiye hasa anayehitaji rotaveta nzito.

Kwa wakulima wa Mwea, jambo hili lina uzito wa pekee. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa rasmi mwaka wa 2022, lilijengwa ili maji yatoshe kukuza mpunga misimu miwili kwa mwaka. Misimu inapofuatana hivyo, muda kati ya kuvuna na kupanda tena huwa mfupi, na mashine iliyolala kwa fundi wiki mbili huweza kumkosesha mkulima zamu yake ya maji.

Ardhi yenye mawe mengi ni suala jingine kabisa. Hapo hakuna rotaveta inayofaa, iwe nzito au nyepesi. Mwenye shamba la namna hiyo atafaidika zaidi na plau ya chizeli au ya diski.

Nguvu za trekta

Jambo la pili ni nguvu. Trekta lililoandikwa nguvu za farasi 50 halipelekei rotaveta nguvu hizo zote. Sehemu fulani hupotea njiani katika gia, hivyo kwenye shafti ya PTO hubakia kama asilimia 85 hivi, yaani nguvu 42 au 43. Hesabu ya kuchagulia zana ni hii ya PTO, wala si ile iliyobandikwa kwenye boneti.

Kadirio la tahadhari kwa udongo mzito wa mfinyanzi, unaolimwa kwa kina cha sentimita 12 hadi 15, ni nguvu 10 za farasi kwa kila futi moja ya upana. Katika udongo mwepesi au uliokwisha kupitiwa na plau, nguvu saba au nane kwa futi huweza kutosha.

Kwa hesabu hiyo, trekta la nguvu 50 litaimudu rotaveta ya futi nne katika udongo mweusi, na ya futi tano au zaidi kidogo katika udongo mwepesi. Trekta la nguvu 75, kama vile Massey Ferguson 375 ambalo wakulima wengi nchini wanalifahamu, lina takriban nguvu 64 kwenye PTO. Hilo litaivuta rotaveta ya futi sita hata katika udongo mzito. Atakayelifunga ya futi saba atalazimika kulima juu juu au kusikia injini ikilia na kutoa moshi mweusi kuanzia asubuhi hadi jioni.

Upana pia huhusiana na magurudumu. Rotaveta inapaswa kuzifuta alama za magurudumu yote mawili ya nyuma, la sivyo udongo uliokandamizwa utabaki kama mfereji mgumu katikati ya kitalu. Pima kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi ukingo wa nje wa lile jingine. Ikiwa trekta lako lina upana wa mita 1.7 na rotaveta unayoweza kuivuta ni ya futi tano, yaani mita 1.5, una njia mbili: kuyasogeza magurudumu ndani iwapo trekta linaruhusu, au kununua rotaveta inayoweza kusogezwa upande mmoja ili angalau ifute alama za gurudumu moja, nalo la pili lipite mahali patakapolimwa katika mzunguko ufuatao.

Usisahau uzito wenyewe. Rotaveta nzito ya futi sita huweza kufikia nusu tani. Hakikisha mikono ya haidroliki ya trekta lako inaweza kuinua mzigo huo, na kwamba pua ya trekta haitapaa unapopanda mwinuko. Huenda ukahitaji kuongeza vyuma vya uzani mbele.

Chunguza kilicho ndani

Ukishajua upana unaokufaa, ndipo uulize kama mashine iliyo mbele yako ni nzito kweli au ni jina tu. Kuna sehemu nne za kuangalia.

Ya kwanza ni giaboksi. Giaboksi ya kazi nzito ina jumba nene la chuma, na katika aina nyingi gia zake huweza kubadilishwa ili kupata mwendo tofauti wa visu. Muulize muuzaji giaboksi hiyo imetengenezewa nguvu ngapi za farasi. Kiwango hicho huandikwa katika kijitabu cha mashine, na kinafaa kuzidi nguvu za PTO za trekta lako kwa kiasi cha kuridhisha. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha kijitabu hicho hastahili pesa zako.

Ya pili ni ubavu unaopeleka nguvu kwenye mhimili. Rotaveta za bei nafuu hutumia cheni. Cheni si mbaya kwa bustani na udongo mwepesi, lakini hulegea, huhitaji kukazwa, na ikikatika ndani ya jumba lake huharibu mengi. Kwa kazi nzito chagua gia zinazoogelea ndani ya oili. Bei yake iko juu, ila huchukua muda mrefu kabla ya kukudai fundi.

Ya tatu ni mhimili na beringi zake. Tazama bomba la mhimili na zile sahani za chuma zinazoshikilia visu. Sahani nyembamba hupinda kisu kinapogonga kisiki. Kwa wakulima wa mpunga, angalia hasa sili zinazozuia matope yasiingie kwenye beringi na oili isivuje. Maji ya matope ni adui mkubwa wa rotaveta. Yakiingia kwenye oili, gia husagika polepole bila mwenyewe kujua, na anapokuja kusikia mlio huwa mambo yamekwisha kuharibika.

Ya nne ni visu. Visu vya umbo la L hukata vizuri magugu na mabua, na ndivyo vinavyotumika sana. Visu vilivyopinda kama herufi C hupenya kwa wepesi udongo mzito wenye unyevu na havizibwi na matope haraka. Visu bora hutengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na boroni, ambacho ni kigumu lakini hakivunjiki kama kioo. Jihadhari na visu vya kuigiza vinavyokatwa kutoka kwa vyuma vikuukuu. Aghalabu hupinda au huisha kabla ya ekari chache kumalizika.

Hesabu pia idadi ya visu katika kila sahani. Vikiwa sita, vitatu hutazama kushoto na vitatu kulia. Chukua trekta linalokwenda kilomita tatu kwa saa, yaani mita 50 kwa dakika, na mhimili unaozunguka mara 200. Kila upande wa sahani utaukata udongo mara 600 kwa dakika, hivyo kila pande la udongo litakuwa na unene wa sentimita nane hivi. Sahani ikiwa na visu vinne, pande hilo litafikia zaidi ya sentimita 12.

Hesabu hiyo humfaa pia mkulima asiye na trekta. Mwenye kukodisha hulipwa kwa ekari, naye dereva akitaka kumaliza mapema huongeza mwendo. Trekta likienda kilomita sita badala ya tatu, unene wa kila pande huongezeka maradufu, na shamba hubaki na mabonge ingawa kwa mbali huonekana limelimwa. Rotaveta ya futi sita ikienda kwa kilomita tatu kwa saa, pamoja na muda wa kugeuka, humaliza takriban ekari moja kwa saa. Anayemaliza kwa nusu saa, fuata nyuma yake ukapime kina.

Kinga ya mashine na ya mtu

Rotaveta ya kazi nzito haina budi kuwa na kitu kitakachokubali kushindwa kabla ya giaboksi kuvunjika. Katika nyingine ni bolti maalum kwenye shafti ya PTO ambayo hukatika visu vinapokwama. Katika nyingine ni klachi inayoteleza mzigo unapozidi. Klachi hufaa zaidi penye mizizi na visiki kwani dereva hahitaji kushuka kila mara kubadilisha bolti, ila yapaswa kulegezwa na kukazwa upya kila baada ya kukaa muda mrefu bila kazi, kwa kuwa sahani zake hushikana kwa kutu. Kamwe usiiondoe bolti hiyo laini na kutia ngumu ili isikatike. Utakuwa umeokoa bolti na kuangamiza giaboksi.

Urefu wa shafti nao ni muhimu. Ikiwa ndefu kupita kiasi, itasukuma na kuvunja beringi unapoinua mashine. Ikiwa fupi, mabomba yake mawili yatachomoka yakiwa yanazunguka. Muuzaji anafaa kuipima na kuikata ifuatane na trekta lako, sio trekta lolote. Unapogeuka mwisho wa shamba, inua rotaveta kiasi cha kuondoka ardhini tu, au uzime PTO kwanza.

Kuhusu maisha ya binadamu, mzaha hautakiwi. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko tisa kwa kila sekunde. Ncha ya koti au leso ikinaswa na shafti, mtu hawezi kuwahi hata kupiga ukemi. Usikubali kuichukua rotaveta isiyo na kifuniko cha plastiki cha shafti, na kifuniko hicho kikivunjika kinunuliwe kingine kabla ya kazi kuendelea. Mtu asipande juu ya mashine ili kuongeza uzito, na watoto wasifuate nyuma kuokota viazi au wadudu. Nyasi zikijisokota kwenye visu, zima injini, toa ufunguo, kisha weka gogo chini ya mashine ndipo uingize mkono.

Si jibu la kila shamba

Ni sharti pia mkulima ajue wakati wa kuiacha rotaveta bandani. Shamba lililovamiwa na nyasi zenye mizizi ya kutambaa chini kwa chini, kama zile ziitwazo thangari katika eneo la Kati, haliponi kwa kusagwa. Kila kipande cha mzizi kilichokatwa huchipuka kikawa mmea mpya, na mkulima aliyekuwa na kichaka kimoja akajikuta na shamba zima la nyasi. Hizo ziuawe kwanza, au zing'olewe na kukaushwa kwa jua.

Aidha, udongo uliosagwa mara nyingi hadi ukawa kama unga huziba mvua kubwa inaponyesha, maji yasipenye, yakatiririka na kubeba rutuba. Kulima kwa kina kile kile kila msimu nako huacha tabaka gumu chini ya visu, ambalo mizizi na maji hushindwa kulipita. Penye miteremko, pitisha rotaveta mara moja tu, ukifuata kontua, na kila baada ya misimu michache tumia plau ya chizeli kulivunja tabaka hilo. Mashamba ya mpunga ni tofauti, maana huko tabaka gumu husaidia kuyazuia maji yasizame.

Kabla ya kulipa

Rotaveta zinazouzwa nchini hutoka mataifa mbalimbali, zikiwemo India, Italia na Uchina, na katika kila taifa kuna nzuri na dhaifu. Kinachomfaa mkulima ni kuuliza visu, beringi na sili zinapatikana wapi, na kama ziko mjini karibu naye au ni za kuagizwa ng'ambo. Mashine bora isiyo na spea ni sawa na chuma chakavu.

Omba ijaribiwe katika shamba lako, kwa trekta lako, udongo ukiwa na unyevu ule unaoulimia. Baada ya saa moja, izime na uguse giaboksi kwa tahadhari: joto la kawaida halina neno, lakini ikiwa hauwezi kuukaribia mkono, kuna kasoro. Angalia kama oili inavuja ubavuni. Fukua udongo katika sehemu tatu au nne kwa kijiti ili kupima kama kina ni sawa kushoto na kulia. Kisha dai hati ya dhamana iliyoandikwa, yenye muda na sehemu zinazogharimiwa.

Baada ya kununua, badilisha oili ya giaboksi baada ya saa za kwanza zilizoagizwa katika kijitabu, tia grisi kila siku ya kazi, na ukaze bolti za visu kila asubuhi. Bolti moja iliyolegea hung'oa kisu, na kisu kilichong'oka huvipiga vingine.

Kwa ufupi, mkulima mwenye pesa za rotaveta moja ana hiari mbili: kununua futi nyingi za chuma chepesi, au futi chache za chuma kinachodumu. Katika udongo mwembamba na mwepesi hiari ya kwanza inaweza kuvumilika. Katika udongo mweusi, hiari ya pili ndiyo itakayomfikisha msimu wa tatu na wa nne akiwa bado analima, ilhali mwenziwe wa futi saba anangoja fundi.